Miji Niliyompa Asiye na Uso

Nimeketi kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha upasuaji, kanga nimeifunga kifuani barabara, na mwanangu Subilaga yuko ndani tangu saa nne asubuhi, utumbo umejisokota. Nafumba macho kidogo tu niyapumzishe, na ukuta ninaouegemea unalegea kama ugali uliozidi maji, nami napita. Upande wa pili kuna barabara isiyo na kichwa wala mkia, inakunja, inanirudisha, inakunja tena, na kando yangu anatembea mtu wa nguo za kijani asiye na uso, pale penye uso ni laini kama mto wa kulalia. Namwuliza mwanangu yuko wapi. Ananijibu, kitendawili. Mambo hayo nimeyazoea tangu utoto, nasema tega. Nakukata wala sikuchukii. Najibu upesi, kisu. Umekosa, nipe mji. Sina mji, namwambia, lakini mbele unainuka mmoja, kuta zake vioo, na katika kila kioo yumo Daktari Mwasomola, mpasuaji wetu wa siku zote, akiwa kijana mwembamba, ameinamia utumbo wa mbuzi alioununua buchani, anaushona kwa uzi mweusi, anaufumua, anaushona tena, na mama mwenye nyumba aliyopanga anamtania, supu hiyo utaipika lini, baba? Asiye na uso anaukunja mji kama shuka, anautia kwapani, na njia inageuka. Anatega tena, mkubwa akishuka chini, watu hulia. Nasema jua. Umekosa tena, nipe mji. Mji huu ni uani kwangu, vioo vilevile, na daktari na suruali yake ya pasi amekaa mkekani kati ya wafiwa, siku mume wangu alipomfia mkononi. Ndivyo alivyo, wote tunamjua: habari njema huileta amesimama, ya msiba hukaa kwanza. Nao unakunjwa.

Sasa umebaki mji mmoja, mweupe, hauna kioo, na ndani yake namwona Subilaga mezani. Nikikosa huu, ataukunja na mwanangu ndani. Anatega, leo mkono uliofanya kazi kubwa haukushika kitu. Nazunguka, barabara inazunguka nami. Nachungulia. Anayepasua ni binti, Daktari Tumpe, mwanafunzi wa Mwasomola, na mzee mwenyewe simwoni. Namtafuta mpaka nje ya mlango, kumbe yuko pale, mikono ameikumbatia kwapani kama anayeizuia isiingie. Nasema, mkono wa mwalimu. Asiye na uso hasemi nimepata, hasemi nimekosa. Ananyoosha vidole kuuelekea mji.

Nafumbua macho. Daktari Mwasomola yuko kando yangu kwenye benchi, amekaa. Roho inaniruka. Baba, namwuliza, mbona umekaa?

Ni miguu tu, mama. Sijui lolote bado. Nikiwa ndani Tumpe ataniangalia mimi badala ya kuangalia tumbo, ndiyo maana nimetoka. Tungoje wote.

Tunangoja. Mlango unafunguka, Tumpe anatoka, anashusha barakoa, uso anao, mdomo anao, anasimama mbele yetu.

Mama, Subilaga ameamka. Anauliza kama umekula.

Mzee anainama, anafuta macho kwa kiganja. Nami nataka kujibu kwamba sijala, ila naogopa hata kupepesa, nisije nikakuta kwamba ndoto ndiyo hii.