Mizani Mbili Chini ya Corolla

Ainebyona ukimpa kigoda anakikalia dakika mbili, ya tatu keshasimama. Hata kanisani goti lake lilicheza mpaka benchi zima likatikisika. Na mwaka huu ndio ilikuwa balaa kabisa, maana alikuwa ameingiwa na gari kichwani.

Gari lenyewe, usinicheke, ni Corolla ya mwaka themanini na saba, limeinuliwa kwa spesa, vile vyuma vya kuongeza kimo juu ya springi, kama magari yote yanayotaka kufika Kimuli na kurudi salama. Mteja mmoja kutoka Uganda alimwambia kwamba huko ng'ambo, mwezi wa nane, kuna mbio za magari ya zamani kwenye kiwanja cha vumbi. Tangu siku hiyo ukuta wa gereji yake ya Nkwenda ulijaa michoro ya mkaa. Siti ya nyuma itoke. Keji ya mabomba iingie, ili gari likipinduka dereva abaki mtu. Breki za diski, springi ngumu. Lakini hakuwa na lori la kulibeba, kwa hiyo gari lilipaswa kujipeleka lenyewe kiwanjani, likimbie, na kesho yake lipeleke watu sokoni. Kiwanja kinataka gari la chini, barabara ya Kimuli inataka gari la juu. Jioni alichora likishuka, asubuhi akafuta akachora likipanda.

"Chagua moja, kaka," alisema Nizigiyimana, fundi wa kuchomelea aliyeshirikiana naye gereji. "Huwezi kulalia vitanda viwili usiku mmoja."

"Nitafunga springi za kurekebisha. Zinapanda, zinashuka."

Injini haikumsumbua. Baba yake mdogo, mzee Polikarpi, aliyenunua kahawa ya wakulima wa Kimuli na kuisafirisha kwa fuso lake, alikuwa ameahidi kumletea yenye nguvu mara mbili ya ile kuukuu. Ndiye aliyemlea Ainebyona baada ya kufiwa na baba yake, akamsomesha ufundi. Ainebyona hakuwahi kusikia neno baya juu yake akalivumilia.

Ila gari likishika breki lilivuta upande. Ainebyona alikuwa ameshaamua kwamba fremu imepinda, ikatwe na kuungwa upya. Nizigiyimana akamsihi wapime kwanza uzito unaokalia kila tairi. Mizani ya kahawa ingeweza kazi hiyo, inabeba mpaka nusu tani. Polikarpi akatoa yake bila kinyongo.

"Moja inakutosha, mwanangu. Pima tairi moja, hamia jingine. Ila Jumatatu asubuhi niikute Kimuli, tunanunua."

Sasa mtu kama Ainebyona utamwambia ahamishe mizani moja mara nne, apige jeki mara nne? Angepasuka. Alikwenda usharikani akaazima nyingine, ile ya kupimia sadaka ya mavuno, na Jumamosi wakaegesha matairi ya mbele juu ya mizani mbili kwa pamoja. Kushoto, kwenye ya kanisa, kilo mia mbili sitini. Kulia, kwenye ya Polikarpi, mia mbili thelathini na nne.

"Si nilikwambia limepinda? Washa mashine tukate."

"Tubadilishe mizani kwanza," alisema Nizigiyimana.

Wakabadilisha. Mia mbili sitini ikahamia kulia, mia mbili thelathini na nne ikaja kushoto. Ainebyona akapanda mwenyewe: sabini kwenye ya kanisa, sawasawa na alivyopimwa zahanati, sitini na tatu kwenye ya baba mdogo. Fremu haikuwa imepinda. Katika kila kilo mia, kumi zilikuwa zinaliwa.

"Labda imechoka," alisema. "Mizani huchoka."

"Ichoke kwa faida ya mnunuzi tu?"

Nizigiyimana aliketi juu ya tairi. Mkewe, Mukantabana, alilima kahawa kwenye shamba dogo la kukodi, na kila msimu gunia lake, alilolipima kwa madebe nyumbani, lilipungua likifika kwa mzee. "Mwaka jana nilimwambia anauza nyingine njiani," alisema. "Akalia, nikasema machozi ya mwizi. Alirudi kwao Kibingo mwezi mzima."

 Ainebyona aliona aibu, na ubaya wa ubaya, ndani ya aibu hiyo bado aliitaka injini. Jumapili nzima alizunguka gereji akifuta na kuchora. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe ndiyo iliyokusitiri utotoni, utaivuaje?

Jumatatu alifika Kimuli na mizani zote mbili, Nizigiyimana kando yake. Foleni ya wakulima ilikuwa imeshajipanga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri." Polikarpi alifunua turubai nyuma ya fuso. Injini ilikuwa pale, imefungwa kwa magunia. Kisha akaona mizani ya pili. "Na hiyo?"

"Ya kanisa."

Mzee aliacha kutabasamu. "Shusha zawadi yako uende. Watu wana kazi."

Njia nzima Ainebyona alikuwa amejiambia atachukua injini, akimbie mbio zake, halafu atazungumza na mzee faragha. Goti likaanza kucheza. Kwenye foleni alimwona Mukantabana. Mdomo wa gunia lake ulikuwa umeshonwa mara mbili, asije mtu akasema kahawa imemwagika njiani.

"Tuipime kwanza, baba mdogo."

"Injini haipimwi kwa kilo."

"Hii ya leo inapimwa."

Wanaume wanne waliibeba. Kwenye mizani ya Polikarpi, mia na kumi na saba. Kwenye ya kanisa, mia na thelathini. Kwenye foleni hakuna aliyehitaji kufundishwa hesabu hiyo.

"Nimekulea," alisema Polikarpi, kwa sauti ya kumfikia yeye peke yake.

"Ndiyo, baba mdogo," alijibu. Akawageukia wabebaji. "Irudisheni kwenye fuso."

Mukantabana aliipita mizani ya mzee, akalitua gunia lake kwenye ya kanisa. Akamtazama mumewe.

"Nisomee."

Nizigiyimana aliinama. "Sabini na mbili."

"Rudia," alisema Mukantabana. "Wasikie na wa nyuma."