Taa Nyekundu Mstari wa Nne

Mifuko ya nailoni inayofunika miche ya pilipili hoho niliishona mimi, thelathini na miwili, kila mmoja na kamba yake shingoni. Mjukuu wangu hufunika mche, mashine yake inavuta hewa ya ndani kwa mpira mwembamba. Mmea ukiumia hutoa harufu ambayo pua zetu haziipati. Mashine ikiipata, taa nyekundu inawaka.

Wiki nzima taa iliwaka mstari wa nne, ingawa majani yake yalikuwa yamenawiri.

"Mashine yako ina mafua," mkuu wa shamba alimwambia. "Ikikosea leo, inaingia stoo."

Mjukuu wangu aliinama tu. Miaka mitatu ya jasho lake ilikuwa ndani ya mashine ile.

Mzee Mikasi, mtunza miche, akamletea kigoda, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe. Mtu mwema yule. Nikamuuliza, "Mikasi, alfajiri huwa unafanya nini humu bandani?"

"Nampunguzia binti kazi, Bibi. Nakata vichipukizi, akija akute pasafi."

"Mstari gani?"

"Wa nne. Ndio nauwahi kabla ya chai." Akautazama mkasi wake. "Kumbe nimemponza."

"Hujamponza. Nenda kamwambie."

Alipoambiwa, mjukuu wangu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Basi haijakosea hata siku moja."

"Maneno matupu hayavunji mfupa," mkuu akasema. "Tokeni nje wote."

Akaingia peke yake. Alifungua na kufunga mifuko yote, tusijue aliugusa mche upi.

Mjukuu wangu akapita na mpira wake mche kwa mche. Mstari wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Mikasi alikuwa amenishika mkono bila kujua. Mstari wa tatu, mche wa sita, taa ikawaka.

"Ni huu," akasema.

Mkuu akatoa mfukoni kipande cha jani kisichozidi ukucha. Akalitafuta jani lenyewe kule chini, akakipachika. Kikakaa sawasawa.

"Nilinyofoa kidogo tu," akasema polepole.

"Stoo je, Mkuu?" Mikasi akamchokoza.

"Stoo utaingia wewe na mkasi wako." Kisha akamgeukia mjukuu wangu. "Binti, kuanzia kesho mashine yako inapita mabanda yote." Akaniangalia mimi. "Bibi, uzi unao?"

"Wa mifuko mingapi?"

"Mia nne."

Mikasi akanisogezea kile kigoda. Nikakaa, nikatunga uzi kwenye sindano.