Herufi Tatu Baada ya Jina

Hapa Sivakasi, mji wa viwanda vya uchapaji kusini mwa India, tunachapa kadi za harusi za nusu ya Watamil wote, na kwenye kadi zetu jina halitembei uchi. Bwana harusi anafuatwa na herufi za digrii yake, bibi harusi na zake, na mjomba mwenye cheti cha udereva naye anatamani kiandikwe. Mimi huzikunja kadi hizo nyumbani, rupia mia na hamsini kwa kila kadi elfu. Nimesoma digrii nyingi kuliko mwalimu mkuu, na shule niliiachia darasa la tano.

Mjukuu wangu Kayalvizhi akaitaka yake. Akaenda Chennai miaka mitatu kusomea usanifu wa michoro na uchapaji, kwa mkopo wa benki wa laki nne. Baba yake, mwanangu Velchamy, akatia saini pamoja naye. Mpaka anarudi, riba ilikwisha kulinenepesha deni, likafika laki tano na elfu kumi. Kazi akaipata kwenye kiwanda cha kadi, mtaa uleule alioondokea. Mshahara elfu kumi na tatu. Benki inachukua elfu saba na mia nne kila mwezi, kwa miaka tisa. Mariappan wa mashine ya kukata karatasi, aliyeacha shule darasa la nane, anapata elfu ishirini na mbili, na kila asubuhi humwuliza, "Mwalimu, hii nyekundu leo inaitwaje?"

Kisha ikaja posa kutoka mji jirani wa Rajapalayam. Kijana ni Thirumurugan, karani wa kiwanda cha nyuzi, ana digrii ya biashara na kicheko kizuri. Kayalvizhi alimpenda. Miezi miwili waliongea kwa simu, na binti akawa anaimba anapopiga mswaki. Mama yake kijana, Shenbagam, alikula bajia zetu sita, akazisifu, kisha akalitaja deni. Mshahara wa mkwe, alisema, unaingia nyumba ya mume. Deni libaki kwetu, kwani lilizaliwa hapa.

Velchamy akaangalia ukuta. Anaendesha pikipiki ya mizigo. Ukuta huo ndio mali yake yote.

"Na digrii, dada," nikauliza, "nayo ibaki?"

Shenbagam akacheka. "Aa, bibi, digrii si inakwenda kwenye kadi?"

Kesho yake Kayalvizhi akapiga hesabu nyuma ya karatasi ya kalenda iliyoharibika. Hadi mwisho atakuwa amelipa karibu laki nane. Akampigia Thirumurugan, akamwomba jambo moja tu: akishaolewa aachwe aendelee kulipa kwa mshahara wake mwenyewe. Kijana akasema atamwuliza mama. Siku nne kimya. Siku ya tano akapiga kuuliza kama kadi itakuwa ya njano au ya waridi.

Kadi akaitengeneza Kayalvizhi mwenyewe, na mwenye kiwanda akakubali kuwapunguzia bei wakwe. Akaniletea ya mfano. Nikavaa miwani. Jina la kijana lilikuwa na digrii yake kwa dhahabu. La Kayalvizhi lilikuwa peke yake.

"Umesahau herufi zako," nikamwambia.

"Sijasahau, bibi. Deni wameliacha hapa, na mimi herufi nimeziacha hapa. Vilikuja pamoja."

Nilicheka mpaka meno ya bandia yakanitoka. Nikamwambia aipeleke kwa wakwe upesi, kicheko hakijapoa. Hapo ndipo nilipaswa kufunga mdomo.

Shenbagam alikuja mwenyewe kwa basi la saa nne, kadi mkononi. Akasema watu watadhani mwanawe kaoa mkunja karatasi.

"Mkunja karatasi ndiye mimi," nikasema. "Karibu ukae."

Kayalvizhi hakucheka. "Mama, herufi hizo bado ni za benki. Niruhusuni nizilipie kwa jasho langu, nitaziandika kubwa kuliko jina."

Shenbagam akaitia kadi mkobani. Akasema binti anayehesabu kabla hajaingia nyumbani, akishaingia atahesabu mpaka punje za wali. Kahawa hakuimaliza. Jioni kijana akatuma ujumbe wa neno moja: samahani. Kayalvizhi akausoma, akarudi kumenya vitunguu. Tangu siku hiyo anapiga mswaki kimya.

Baada ya miezi mitatu kadi ya Thirumurugan ikaletwa kiwanda kilekile, maana ile bei ya kupunguziwa hawakuisahau. Bibi harusi wa Madurai, digrii mbili. Msanifu pale ni mmoja tu. Mariappan siku hiyo hakuuliza jina la rangi yoyote.

Zikaja kwangu kukunjwa, kadi elfu moja. Nilitaka kuiponda nikashindwa. Ilikuwa nzuri, herufi za dhahabu zimepangwa kama meno ya mtoto.

"Nafasi kati ya herufi umeziweka vizuri," nikasema.

"Tulifundishwa muhula wa pili," akasema. "Ndio uliokuwa na ada kubwa."

Akaketi sakafuni, akavuta nusu ya mzigo, tukakunja pamoja mpaka zikaisha. Nikampa rupia zake sabini na tano. Nilidhani atanirudishia, mimi ni bibi yake. Akazihesabu, akazitia kwenye bahasha ya benki.