Koo la Ngurumo

Wanafunzi walimwita Ngurumo, na hakuwa na haki ya kukasirika. Mwalimu yule wa muziki, akikusalimia asubuhi, unatafuta mwavuli. Kazi yake aliipenda mno. Tatizo kwaya yake, jamani! Watoto walikoroma badala ya kuimba, wengine wakanong'ona, na mwaka uliopita hasira zilimpanda akawatoa saba kwa mpigo. "Nyie sauti hamna!" Wa saba alikuwa binti yake mwenyewe.

Tangu siku ile mtoto hakuimba tena, hata akiosha vyombo. Mama yake alimwambia mumewe jambo moja tu: "Wewe ndiye uliyemfunga, mfungue." Kwa hiyo Ngurumo alipoitwa kwenye mafunzo ya vitendo ya walimu wa muziki, alikwenda na shida moja moyoni: apate dawa ya sauti ya mwanawe.

Walikutanishwa kwenye bwalo la shule, mabenchi yamesukumwa ukutani. Mwezeshaji, mama mfupi mwenye kinanda kidogo mapajani, hakutaka hotuba. Kila mwalimu afundishe wimbo wake, wenzake wawe darasa la nne.

"Sauti ya mtoto wa miaka kumi ikishuka sana inaishia hapa," alisema, akabonyeza kinanda. "Wimbo ukipita chini ya hapa, nyamazeni. Na asidanganye mtu kwa kutumia sauti yake ya utu uzima!"

Zamu ya Ngurumo ikafika. Akakohoa, akauanzisha wimbo wa shule yao palepale alipouanzisha kila Jumatatu kwa miaka minne. Mstari wa kwanza wakaitikia maneno mawili, basi. Wa pili, kimya. Watu wazima thelathini wanamkodolea macho, na yeye ananguruma peke yake.

"Mnanicheka?" akafoka.

"Hapana, kaka yangu," mwezeshaji akamjibu kwa upole. "Umetutumbukiza shimoni, halafu unauliza mbona hatuonekani. Wimbo umeuanzisha kwa koo lako. Hebu panda."

Akabonyeza juu zaidi. Walimu wakaupokea, bwalo zima likajaa. Loh! Nyani haoni kundule. Ngurumo aliwaona wale saba wamepanga mstari, wanahangaika kushuka mahali koo la mtoto halifiki, na yeye anawagombeza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Siku ya mwisho ya mafunzo alifika nyumbani jua bado kali. Binti yake alikuwa uani anasugua viatu vya shule. Ngurumo akachuchumaa mbele yake.

"Mwanangu, nisamehe. Sauti unayo. Mimi ndiye niliyekuwa naanzisha chini mno, kisha nakulaumu wewe."

Mtoto akaendelea kusugua kiatu kilichokwisha kutakata zamani. "Baba, mwaka mzima nilidhani nimeharibika."

Ngurumo aliushika ule mkono wenye povu.

"Na wenzangu sita umewaambia?"

"Nitawaambia kesho, shuleni."

"Siku ile hukungoja kesho, Baba."

Mtoto akasuuza mikono, akavaa viatu vilevile vilivyolowa, akatangulia njiani na baba yake nyuma. Mama yake alikuwa dirishani anajifanya hajasikia, huku anatabasamu peke yake.

Nyumba ya kwanza kati ya zile za wenzake sita ilikuwa nyuma ya kibanda cha fundi cherehani. Ngurumo aliinua mkono abishe hodi, akaurudisha mfukoni. Mwanamume mzima, sauti ya kutikisa mabati, leo hodi inamshinda! Binti akamtazama, akaona hapa pana kazi. Basi akauanza wimbo mwenyewe, pale panapomfaa yeye. Sauti ilitetemeka mstari wa kwanza. Wa pili ikasimama imara.

Mstari wa tatu ulipokewa kutoka ndani, na sauti nyingine ya mtoto, kabla mlango haujafunguliwa. Ngurumo akaegemea ukuta akalia, wala hakujificha.