Tumbo la Demissie

"Tumbo! Tumbo gani linapanda mpaka kwenye taya?" Mulunesh alifoka juu ya ukuta wa mabati, sauti ikafika hadi bombani.

"Nani mtaa huu hana vidonda vya tumbo?" Asnakech alimjibu bila kuinua uso. Alikuwa akimkorogea mumewe mbegu za kitani zilizosagwa, bilauri ya tatu tangu saa tisa alasiri. "Tena wewe nyamaza. Mtunza mahema ya msiba akichungulia kwa watu, tunajua anapima uwanja."

Wachota maji wakaangua kicheko. Mulunesh hakucheka. "Mwanamke, hebu mtazame mumeo! Baridi yote hii, jasho linamtiririka!"

Asnakech akageuka. Demissie alikuwa kwenye kigoda mlangoni, shati limemganda mgongoni, midomo rangi ya majivu.

"Kifua hakiumi sana," alisema. "Kinabana tu."

Bilauri ikamponyoka Asnakech. Mulunesh ndiye aliyekimbilia bajaji, na ndiye aliyemshika Demissie kwapani akampakia.

Hospitalini, daktari wa zamu, binti mwembamba, alimbandika mgonjwa nyaya kifuani huku akimwuliza Asnakech.

"Miaka mingapi?"

"Hamsini na minane."

"Ana sukari?"

"Mwaka wa tisa huu."

"Presha?"

"Nayo."

"Anavuta sigara?"

"Ameacha. Yaani, yuko karibu kuacha."

"Kwao kuna aliyekufa ghafla?"

Asnakech akamkumbuka baba mkwe. Alianguka akivuna nafaka ya tefu, hakuinuka tena. Ukoo mzima ulisema ni kijicho. "Babake," akanong'ona. Kila alipojibu aliona kama anamsukuma mumewe hatua moja kuelekea shimoni.

"Dawa zake anameza?"

Tangu Kwaresima ianze, wiki ya tano sasa, Demissie hakutia kitu kinywani kabla ya saa tisa alasiri, hata kidonge na funda la maji. Jioni akishakula, husahau. Padri angemruhusu kwa kuwa ni mgonjwa, lakini hawakumwuliza. Asnakech aliona fahari kuwa na mume anayefunga kuliko wanaume wote wa mtaa, akazificha pakiti za dawa kabatini asije akashawishika.

"Hamezi," akasema. "Na mimi nilijua."

Daktari akanyanyua macho. "Mama, sukari ya miaka mingi hufifisha maumivu. Moyo unakufa, mtu anadhani ni tumbo. Wake umeshaumia. Siku mbili hizi ndizo za kuogopa."

Wakamtuma nyumbani akalete blanketi. Alivuka ua wa nyumbani mbio, akihofu kila simu iliyolia bombani kuwa ndiyo yake. Mulunesh akamkinga njia.

"Yu hai?"

"Yu hai. Wanasema siku mbili. Mulunesh, mimi ndiye niliyezificha dawa."

Mulunesh hakumpa pole wala lawama. Alimshika mkono uliokuwa baridi kama chuma.

"Ukianguka wewe, nani atakaa naye? Ingia, Asnakech. Mchuzi wa shiro uko motoni, mkate wa injera nimeshautandaza. Ingia ule."