Vifaranga vya Mgomo

Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi alikuwa na mdomo, na hilo hata waliomchukia hawakubisha. Kwenye kikao cha kuanza mgomo, mtunza kuku wa chuo aliposimama, kofia mkononi, kuomba aruhusiwe kuingia kugeuza mayai tu, basi, halafu atoke, Katibu ndiye aliyemjibu. Alisema Mkuu wa Chuo naye kajaliwa mikono miwili ambayo haijawahi kushika kitu kizito kuliko kalamu, akageuze mwenyewe. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Mtunza kuku akaketi. Alikuwa mjomba wake Katibu, mdogo wa mama yake tumbo moja. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemhangaikia mpaka akapata kazi ya maabara pale chuoni. Kwa kuwa Katibu alimwita mjomba, chuo kizima, wakufunzi kwa wapishi, kikamwita Mjomba. Siku hiyo Mjomba alicheka na wenzake, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno. Katibu alikiona.

Mgomo wenyewe ulikuwa wa haki. Uongozi ulikuwa umeanza kugawa mikataba ya miezi michache michache, na mpishi aliyezeekea jikoni anaambiwa aombe kazi upya kama mgeni. Mkuu wa Chuo alipokea kila malalamiko kwa tabasamu, na tabasamu ndilo lilikuwa jibu. Basi wafanyakazi wakahamia nje ya geti na viti vyao vya plastiki. Na kama lilivyozoea tawi lao kila linapogoma, kila mtu alimkabidhi Katibu funguo zake, za stoo, za jiko, za maabara, za mabanda, ili asipatikane wa kushawishika. Katibu alizitia zote kwenye mfuko wa kitambaa, akauning'iniza nyuma ya mlango wa chumba chake. Kila mlango ulipofunguliwa, funguo zilipiga kelele kama watu wanaomteta.

Yale mayai yalikuwa mtihani wa vitendo wa wanafunzi wa mwaka wa pili. Kila mmoja aliandika jina lake la utani kwa penseli ubavuni mwa yai lake, akaliweka kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine ilikuwa kuukuu. Joto ilitoa, kugeuza haikuweza. Yasipogeuzwa, kifaranga hugandia ndani. Katibu alilijua hilo tangu utotoni, maana alikulia miguuni pa Mjomba.

Asubuhi moja, kabla watu hawajafika getini, alichukua ufunguo wa banda, akapenya kwenye uwazi wa ua nyuma ya vyoo. Majina yalikuwa yametazama juu. Akayageuza moja moja yakatazama chini. Alijiambia ni leo tu. Kesho yake akajiambia hivyo hivyo. Kisha alizunguka na barabara, akafika getini kama ametoka kwake, akaongoza nyimbo za mgomo kwa sauti kuliko wote, huku mikono ikinuka banda.

Hakufikiria kwamba mayai yakitunzwa huanguliwa. Alifikiria kugeuza tu.

Siku ya mazungumzo, Mkuu wa Chuo, aliyekuwa amevunja kufuli la banda baada ya kusikia milio, aliingia na boksi, akaliweka mezani, akalifunua. Vifaranga vikalia chumba kizima. Akauliza kwa upole ni kazi gani hiyo wanayosema imesimama. Mwenyekiti wa tawi, dereva wa basi la chuo, mtu asiyekosa neno hata mbele ya trafiki, alitoka akijifuta jasho.

Nje, macho yote yalimgeukia Mjomba. Alisema ufunguo aliukabidhi. Wakasema alibakiza mwingine. Nani tena anajua habari za mayai? Kuanzia hapo benchi alilokalia likawa lake peke yake. Mpishi aligawa chai akamruka. "Mjomba, wazazi wenzio hawajambo?" alimuuliza, na watu wakalia kama kuku. Katibu alikuwepo. Aliinamia kikombe chake.

Jioni alikwenda kwa Mjomba akiwa amepania kusema. Alimkuta kibarazani anashona kandambili. Kabla hajafungua kinywa, Mjomba alimwambia kwamba aliyegeuza yale mayai hamjui, na wala hataki kumjua.

"Ila usingizi umenirudia, mwanangu. Watoto wa watu hawatafeli."

Katibu akameza maneno yake, akaondoka nayo.

Kwenye kikao cha tawi, Mwenyekiti alimvuta pembeni akamweleza walivyopanga: Mjomba aombe radhi mbele ya wote, au afutwe uanachama. Wote wawili walijua maana yake. Mkataba wa Mjomba ulikuwa unakaribia mwisho, na asiye na chama hana wa kumtetea.

"Ni mimi," Katibu alisema.

"Usinichekeshe, dada."

"Ni mimi, Mwenyekiti."

Mwenyekiti akamshika mkono, akamwambia taratibu kwamba likitoka hilo, uongozi utawacheka hadi mgomo ufe, na wapishi watarudi kuomba kazi kama wageni. "Mwache mzee aseme neno moja. Mdomo hautamuuma."

Kilichomtesa Katibu ni kwamba aliona Mwenyekiti ana hoja. Akaketi. Mjomba akasimama, akakohoa, akaanza polepole kusema kwamba kama kuna mahali amewakosea wenzake, basi yeye kama mtu mzima...

"Mjomba, kaa," Katibu alisema, na sauti yake hakuitambua. "Mayai niliyageuza mimi. Funguo mlinipa wenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mpishi aliweka mikono kichwani. Mmoja alitaka afukuzwe hapo hapo, mwingine akasema huyu ndiye aliyemkejeli mzee siku ile. Mwenyekiti, akiokoa kinachookoleka, alisema Katibu aombe radhi, waandike yaishe, kesho warudi mezani wakiwa kitu kimoja.

Katibu alimtazama Mjomba, ambaye alikuwa bado amesimama.

"Ukatibu chukueni," alisema. "Mjomba wangu nitamwomba radhi mpaka nizeeke. Nyinyi siwaombi."