Dakika Zilizofutwa

Ofisini waliniita Mzee Mvua, nami nililipenda jina hilo kuliko lile nililopewa na wazazi. Kwa miaka sita nilikuwa mtu pekee katika idara ya leseni za masafa ya redio aliyefurahi wingu likitanda. Wenzangu walifunga madirisha wakinung'unika. Mimi nilikimbilia chumba cha vipimo, nikavuta kiti mbele ya kioo cha kompyuta na kutazama jinsi mvua inavyoyala mawimbi ya redio.

Kazi yenyewe haina uchawi. Antena moja ya sahani ilikuwa juu ya paa letu, nyingine kilimani, kilomita kumi na nane kutoka hapo. Moja inatuma, nyingine inapokea, na kila dakika kipokezi kinaandika ni nguvu kiasi gani imefika. Pembeni yake kipimamvua kinaandika kiasi cha mvua. Kusanya dakika hizo kwa miaka, utapata jedwali, na jedwali ndilo linalomwambia kila mwombaji leseni: minara yako isiachane zaidi ya umbali huu, la sivyo mvua kubwa itakukata. Zamani tulitumia majedwali ya watu wa mbali, ambao mvua yao ni manyunyu tu. Nilijiapiza kwamba letu litatokana na mvua yetu wenyewe.

Likatoka, likasifiwa. Mkurugenzi alilibeba mkutanoni kama mtoto wa kwanza, na mimi nikapigwa picha nikiwa nimesimama kando yake. Kilichowafurahisha watu ni kwamba lilionyesha mvua yetu si mbaya kama tulivyodhani, kwa hiyo minara inaweza kuachana zaidi. Leseni zikatoka mbiombio. Mojawapo ilikuwa ya kupeleka simu hospitali ya huko juu mlimani, kilomita ishirini na saba kwa mstari mmoja, bila mnara wa katikati. Mdogo wangu wa kike ni mkunga katika hospitali hiyo. Siku ya kwanza tu alinipigia.

"Kaka, nakusikia kama uko chumba cha pili! Sasa nikitaka gari la wagonjwa sina tena haja ya kumtuma mlinzi na pikipiki yake mbovu."

Nilivimba kichwa wiki nzima.

Miezi minne baadaye, nikipanga mafaili ya zamani, nilikutana na kanuni niliyoiandika mwenyewe mwaka wa kwanza wa vipimo: dakika yoyote ambayo kipokezi hakikuandika kitu, ihesabiwe kuwa umeme umekatika, ifutwe. Wakati ule ilikuwa na maana, maana kule kilimani umeme ulikatika kila siku. Mwaka wa pili tukaweka betri, umeme haukukatika tena. Kanuni haikuguswa na mtu. Mimi nami niliisahau. Tangu hapo kipokezi kilinyamaza kwa sababu moja tu, mvua inapokuwa kubwa mno hata wimbi lisifike kabisa. Kwa hiyo kwa miaka mitano nilizifuta, kwa mkono wangu huu, zile dakika hasa nilizoajiriwa kuzitafuta. Nikazihesabu: mia nane na kumi na mbili.

Nikarudia hesabu na dakika zote zikiwemo. Kwa masafa ya redio ambayo hospitali ilipewa, minara isingeruhusiwa kuachana zaidi ya kilomita kumi na mbili.

Mkurugenzi alisoma karatasi zangu, akainuka kufunga mlango.

"Mzee Mvua, nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi tusitie watu kiwewe. Leseni sitini na mbili zimeshatoka. Tukisema leo jedwali ni bovu, tutachekwa na kila mtu. Tutarekebisha toleo lijalo."

"Toleo lijalo ni baada ya miaka mitatu! Na ile hospitali ya juu?"

"Jina lililo kwenye jalada ni lako, si langu." Kisha akalainisha sauti, akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: wataalamu wangapi wana heshima kama yangu, mwakani nastaafu, kwa nini nijichafue mlangoni.

Ningeweza kumpigia mdogo wangu jioni ileile. Maneno yenyewe ni machache: ukiona mvua kubwa inakuja, itisha gari mapema, simu itakufa. Sikumpigia. Wala nisimsingizie Mkurugenzi, yeye hakunishika mkono. Niliona aibu mdogo wangu asije akajua kwamba kaka yake, bingwa wa mvua, ni mjinga. Nikafyata mkia, nikajiambia ni busara.

Mvua yenyewe ilikuja mwezi wa tatu, saa nane mchana, ikatanda kuanzia mjini hadi mlimani. Kwenye kioo namba zilishuka, zikashuka, zikapotea. Niliinua simu nikapiga hospitali. Haikuita. Nilipiga tena na tena. Dakika arobaini na moja.

Kesho yake nikapata habari. Mama mmoja alikuwa amejifungua salama, kisha damu ikawa haikatiki. Mdogo wangu aliipigia hospitali ya mkoa mpaka vidole vikamuuma, mwisho akamtuma mlinzi kwenye mvua ile. Gari lilipofika, mama alikuwa ameshakata roho. Mtoto yupo.

Hospitali ikaandika barua ya malalamiko, ikaletwa kwa mtaalamu, yaani mimi. Mkurugenzi alikuwa ameandika pembeni: "Jibu kitaalamu." Nilikaa nayo siku mbili. Niliandika jibu la kwanza nikalichana, la pili nikalichana. La tatu lilisema uchunguzi umebaini kwamba mawasiliano yalipotea kwa sababu ya umeme kukatika kwenye mnara wa hospitali, na kwamba umbali wa minara unakidhi jedwali. Nikatia sahihi. Mkurugenzi alinisifu kwa lugha nzuri.

Barua ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa hospitali. Mdogo wangu alinipigia mchana mmoja mkavu, na sauti yake ilifika safi kabisa. Hakunisalimu.

"Kaka, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Mnara wetu unachukua umeme kwenye waya uleule wa wodi ya wazazi." Nilimsikia akipumua. "Taa ilikuwa inawaka juu ya yule mama tangu mwanzo mpaka mwisho, kaka. Mimi ndiye niliyeizima."